Tanganyika na Kivu: namna ya kuzuia buji za mota za zamani zisizimike katikati ya ziwa

Kwenye ziwa Tanganyika kama vile kwenye ziwa Kivu, mota nyingi zinazosukuma mitumbwi ya wavuvi na boti za biashara ni za umri mkubwa. Ni mota za mipigo miwili, za nguvu ya farasi 15, 25 ao 40, zile zinazokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta ya mota ndani ya bidoni moja. Nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, na zimepita kwenye mikono ya wenyeji wawili ao watatu. Zinapendwa kwa sababu ni nyepesi, zina nguvu, na karibu kila mekanisie wa bandarini anajua kuzifungua. Lakini zina ugonjwa mmoja ambao kila mutu wa ziwa anaufahamu: buji inachafuka, cheche inapotea, mota inazima.

Mchana, karibu na pwani, jambo hilo ni usumbufu tu. Usiku, kati ya Kalemie na Moba, na upepo wa kusini wa majira ya kiangazi ukiwa umeamka, ni jambo lingine. Mtumbwi ambao mota yake imezima haushiki tena mwelekeo. Unageuka ubavu kwa mawimbi, unaanza kuingiza maji, na kama umejaa watu na mizigo, muda wa kutafuta ufunguo wa buji ni mfupi sana. Watu wanazungumza sana juu ya boti zinazopakia kupita kiasi, na wana haki: tarehe 3 Oktoba 2024, makumi ya watu walikufa karibu na bandari ya Kituku, Goma, wakati boti iliyotoka Minova ilipozama na mzigo mkubwa. Mambo ya mota yanazungumzwa kidogo, hata kama hasara zake ni za kila wiki: safari inayovunjika, samaki wanaooza, vijana wanaopiga kasia mpaka asubuhi.

Buji ni nini, na kwa nini inachafuka

Buji, ile ambayo wauzaji wa Kigoma wanaiita plagi, ni kifaa kidogo chenye kazi moja: kutoa cheche mara nyingi kwa sekunde ndani ya silinda ili mchanganyiko wa esansi na hewa uwake. Mota ikizunguka mara 5000 kwa dakika, buji ya mota ya mipigo miwili inatoa cheche mara 5000, kwa kuwa kila mzunguko una moto wake. Buji ya mota ya mipigo mine inafanya nusu ya kazi hiyo.

Umeme unapita katikati ya buji, ndani ya kauri nyeupe, na unapaswa kuruka nafasi ndogo iliyo kwenye ncha ili kufikia chuma cha pembeni. Kauri iko pale kwa kuzuia umeme usitoroke njiani. Sasa, moshi mweusi unaobaki kwenye kauri ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kauri ikifunikwa na kaboni, umeme haurukii tena ncha. Unatelemka polepole juu ya uchafu na kupotelea kwenye chuma cha mota. Hakuna cheche. Esansi iliyoingia haiwaki, inalowesha buji zaidi, na mzunguko unaofuata ni mbaya kuliko wa kwanza. Ndiyo maana mota yenye silinda mbili inaanza kwa kukohoa, kisha inatembea kwa silinda moja, kisha inanyamaza.

Watengenezaji wa buji wanajua jambo hilo, na waliipa buji namna ya kujisafisha yenyewe: ncha yake ikifika joto la digrii 450 hivi, kaboni inaungua na kwenda. Chini ya joto hilo, uchafu unabaki. Juu ya digrii 850 hivi, ncha inakuwa kama kaa la moto na inawasha esansi kabla ya wakati, jambo linaloweza kutoboa pistoni. Kazi yote ya kuzuia uchafu iko katikati ya hesabu hizo mbili: kuacha buji ipate joto la kutosha, bila kulipita.

Uvuvi wa usiku ndio adui wa kwanza

Mota hizi zilitengenezwa kwa kukimbia. Kwenye maziwa yetu zinafanya kazi nyingine. Wavuvi wa ndakala kwenye Tanganyika, na wavuvi wa sambaza kwenye Kivu (samaki hao wenyewe walitolewa Tanganyika na kuwekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950), wanatoka jioni na taa. Wakifika mahali pa samaki, mota inaachwa kwa ralanti ao inasukuma polepole kwa muda mrefu: kusogeza mtumbwi, kufuata taa, kuvuta wavu, kutafuta kundi lingine. Saa tatu, saa nne za namna hiyo, buji haifikii kamwe joto la kujisafisha. Wakati huohuo, mafuta yanayokuja na esansi hayafagiliwi vizuri. Yanakusanyika chini, karibu na mkono wa pistoni. Mvuvi akitaka kurudi na kufungua gazi yote kwa mara moja, dimbwi hilo linapanda lote juu, na buji inalowa kabisa.

Dawa yake haiombi franka hata moja. Katika kazi ya polepole, kila nusu saa hivi, mota inapewa gazi ya kutosha kwa dakika moja ao mbili, kwa mwendo wa kweli, mtumbwi ukiwa na nafasi ya kukimbia na wavu ukiwa mbali na helisi. Hapana kupandisha gazi wakati mota haijaingizwa gia: hapo inalia bila mzigo, haipati joto linalotakiwa, na inaweza kujiumiza. Wakati wa kurudi, gazi inaongezwa polepole, mota isafishe koo yake kwanza, kisha inakimbia. Na wakati wa kufika pwani, dakika chache za mwendo mzuri kabla ya kupunguza na kuzima zinaacha buji ikiwa kavu kwa safari ya kesho.

Kuna jambo lingine ambalo wavuvi pekee wanaliishi: mwezi mpevu. Kwa siku kadhaa za mwanga mkubwa, taa hazivuti samaki vizuri na mitumbwi mingi inapumzika. Mota inabaki imefungwa, na esansi iliyo ndani ya karburateri inaruka polepole hewani. Mafuta hayaruki. Baada ya wiki, kilichobaki chini ya bakuli la karburateri ni kitu kizito, karibu mafuta matupu, na ndicho kitu cha kwanza kinachoingia kwenye silinda siku ya kurudi kazini. Watu wanashangaa kwa nini mota iliyotembea vizuri inakataa kuwaka kisha mapumziko. Inatosha, siku ya mwisho ya kazi, kuchomoa bomba la esansi na kuacha mota itembee mpaka inywe yote iliyo ndani na kuzima yenyewe.

Kipimo cha mafuta: hapa ndipo watu wanajidanganya

Mota ya mipigo miwili haina tangi yake ya mafuta kama gari. Pistoni na vyuma vyake vinapata mafuta kutoka ndani ya esansi tu. Mota za zamani sana ziliomba sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 24 ao 25 za esansi. Zile za baadaye, nyingi zinaomba moja kwa 50. Kipimo cha kweli ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha mota ao kwenye kibandiko chake, na si kile ambacho jirani anatumia kwenye mota yake.

Hesabu ni rahisi kwa mwenye bidoni ya litri 25. Nusu litri ya mafuta, yaani chupa moja ndogo ya maji ya kununua, inatoa moja kwa 50. Litri moja kamili inatoa moja kwa 25. Kwenye bidoni ya njano ya litri 20, ni desilita 4 kwa moja kwa 50, na desilita 8 kwa moja kwa 25. Bandarini, wengi wanapima kwa chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72. Chupa moja ya namna hiyo ndani ya litri 20 inatoa karibu moja kwa 28. Kwa mota iliyotengenezwa kwa moja kwa 50, hiyo ni karibu mara mbili ya mafuta yanayotakiwa, na buji zitaonyesha hivyo baada ya siku chache.

Lakini hapa inaomba kusema wazi, kwa sababu kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mwenye mota anayechoka kusafisha buji anaweza kufikiri kupunguza mafuta chini ya kipimo. Buji zitakuwa safi, ndiyo, mpaka siku pistoni itakaposhikana na silinda na mota kukamata. Buji chafu inasafishwa kwa dakika kumi. Mota iliyokamata inaomba silinda, pistoni na wiki nzima bila kazi. Kati ya mafuta mengi kidogo na mafuta kidogo, mwenye akili anachagua mengi kidogo.

Namna ya kuchanganya nayo ina maana. Mafuta yakimwagwa juu ya esansi iliyojaa, bila kutikisa, sehemu yake inakaa chini. Mota inaanza safari ikinywa mafuta mengi na kumaliza ikinywa esansi karibu tupu, ao kinyume, kwa kutegemea bomba linavuta wapi. Njia nzuri ni kutia kwanza esansi kidogo, kutia mafuta yote, kufunga na kutikisa kwa nguvu, kisha kujaza na kutikisa tena. Kabla ya safari, bidoni iliyolala usiku inatikiswa mara nyingine.

Tena, si kila mafuta ni mafuta. Kwa mota za maji za mipigo miwili kuna mafuta yenye alama TC-W3 kwenye chupa. Hayo yanaungua bila kuacha majivu. Mafuta ya gari, yale mazito ya namba 40 ambayo yanapatikana kila mahali na kwa bei ndogo, yana dawa za chuma ndani yake, zilizowekwa kwa kulinda mota ya gari ambako mafuta hayaungui. Ndani ya mota ya mipigo miwili yanaungua, na dawa zile zinabaki kama majivu juu ya buji, wakati mwingine zikijenga daraja dogo linaloziba nafasi ya cheche. Mafuta ya pikipiki ya mipigo miwili ni afadhali kuliko ya gari, lakini yalifanywa kwa mota zinazopozwa na hewa na si kwa zile zinazopozwa na maji ya ziwa.

Na esansi yenyewe? Ile inayouzwa na wakadhafi kando ya njia inaweza kuwa nzuri, inaweza pia kuwa imeongezwa petroli, yaani mafuta ya taa, ao maji. Petroli hairuki hewani kwa urahisi kama esansi, haiungui yote, na inaacha buji nyeusi na yenye kulowa. Kuna mota zilizotengenezwa kwa ajili ya petroli, ambazo zinawashwa na esansi kisha zinageuzwa, lakini mota ya kawaida haipendi. Kumimina esansi kupitia kitambaa kizito ao kichujio, na kuacha bidoni itulie ili kuona kama maji yanakaa chini, ni kazi ya dakika chache tu.

Kivu iko juu, na mota inajua

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni urefu wa maziwa yetu. Tanganyika iko karibu mita 770 juu ya bahari. Kivu iko karibu mita 1460. Mota nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa hewa ya pwani ya bahari. Kwenye Kivu, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja juu ya kumi, lakini karburateri inaendelea kutoa esansi karibu kama kule chini. Matokeo yake ni mchanganyiko wenye esansi nyingi na hewa kidogo, na hiyo ndiyo njia fupi kabisa ya kupata buji nyeusi. Mota iliyotembea vizuri Kalemie ao Baraka inaweza kuanza kuchafua buji mara inapopandishwa Bukavu ao Idjwi, na mwenyewe akafikiri aliuziwa mota mbovu.

Mekanisie anaweza kuweka jikleri ndogo zaidi, zile tundu za shaba zinazopima esansi, na kurekebisha visi ya ralanti. Lakini mota ile ikishuka tena kwenda ziwa la chini, jikleri za zamani zinarudishwa. Mota yenye esansi kidogo kupita kiasi inapata joto kali, na joto hilo linatoboa pistoni bila kutoa taarifa. Watu wenye kununua mota kutoka ziwa moja na kuipeleka lingine wangefanya vizuri kuuliza jikleri namba ngapi ziko ndani, kama vile wanavyouliza hali ya helisi.

Kabla ya kugusa jikleri, kuna makosa madogo ya kutafuta kwanza. Starteri, kile kibati kinachofunga hewa wakati wa kuwasha mota ya baridi, mara nyingi kinabaki kimefungwa nusu kwa sababu waya wake umeota kutu. Sindano ya bakuli la karburateri ikichakaa, esansi inapita bila kizuizi. Mtu anayebana pampu ya mpira ya bomba mara nyingi wakati mota imekwisha kuwaka anaongeza shida hiyohiyo.

Termostati iliyotupwa, helisi kubwa na mzigo

Mota nyingi za maji zina termostati, kidude kinachozuia maji ya baridi yasipite haraka kabla mota haijapata joto, kwa kawaida karibu digrii 60. Katika bandari nyingi, mara termostati inaposhikwa na uchafu, inatolewa na kutupwa, kwa mawazo kwamba mota itapoa vizuri zaidi. Itapoa, na ndiyo shida yenyewe. Mota inayotembea baridi haiunguzi mafuta yake, na buji zinachafuka hata kama kipimo ni sawasawa. Termostati iliyobaki wazi inafanya vilevile. Kuirudisha ni moja ya matengenezo ya bei ndogo yenye matokeo makubwa, kwa sharti kwamba pampu ya maji inafanya kazi. Ule uzi wa maji unaotoka nyuma ya mota lazima uonekane.

Helisi kubwa kupita kiasi, ao mtumbwi uliojaa mpaka maji yanalamba mbao, vinafanya mota ipande mlima muda wote. Mota nyingi za farasi 25 hadi 40 zinapaswa kufika mizunguko 4500 hadi 5500 kwa dakika gazi ikiwa yote wazi. Zikibaki chini ya hapo zinalia kwa sauti nzito, haziunguzi vizuri, zinajenga kaboni kwenye buji, kwenye pistoni na kwenye njia ya moshi. Kupunguza mzigo kunaokoa mota kabla hata hakujaokoa watu.

Kusoma rangi ya buji

Buji iliyotolewa inazungumza. Rangi ya kahawia nyepesi, kama kahawa yenye maziwa, ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, ni esansi nyingi ao ralanti ndefu. Nyeusi na yenye kung'aa kwa mafuta, ni mafuta mengi ao cheche dhaifu. Nyeupe kama chokaa, na kauri yenye malengelenge, ni hatari: mota inapata joto kali, na inaomba kusimama na kutafuta sababu kabla ya safari nyingine. Matone ya maji ao kutu yanaonyesha kwamba maji ya ziwa yanapita kwenye kifuniko cha silinda. Vipande vidogo vya chuma vinavyong'aa juu ya kauri ni pistoni inayoanza kuyeyuka.

Kama buji moja tu ni chafu na nyingine ni safi, kosa si la bidoni, kwa sababu silinda zote mbili zinakunywa kitu kimoja. Hapo mekanisie anaangalia bobini ya upande huo, waya wake na kofia ya buji. Mota za zamani zaidi zina platini chini ya gurudumu lenye sumaku, na platini zilizochakaa ao kulowa zinatoa cheche nyekundu, nyembamba. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Kuipima, chuma cha buji kinagusishwa vizuri na mota, mbali na tundu la silinda na mbali na bidoni. Kuacha waya hewani wakati wa kuvuta kamba kunaweza kuua kisanduku cha umeme cha mota zisizo na platini, na cheche karibu na mvuke wa esansi imekwisha kuunguza watu ndani ya mitumbwi.

Kusafisha nako kuna namna yake. Wengine wanamwagia buji esansi na kuiwasha moto ndani ya mtumbwi wenyewe, mita moja kutoka kwenye bidoni. Maneno hayatoshi kwa jambo hilo. Wengine wanatumia msasa, ambao unaacha chembe zinazoanguka ndani ya silinda, ao brashi ya chuma, ambayo inaacha mistari ya chuma juu ya kauri na kuwa njia mpya ya umeme kutoroka. Mswaki wa zamani wenye esansi kidogo, kitambaa kikavu, na ncha ya kijiti kwa kutoa uchafu kandokando ya kauri vinatosha kwa kufika pwani. Buji iliyochafuka mara kadhaa hairudi kuwa mpya, na inabadilishwa.

Kununua buji mpya, inaomba namba. Ile ya NGK, kwa mfano B7HS ao B8HS, ina hesabu katikati inayoonyesha joto: hesabu ikipanda, buji ni ya baridi zaidi. Kwa Champion ni kinyume, hesabu ikipanda buji ni ya joto zaidi, na mchanganyo huo umeharibu mota zaidi ya moja. Mwenye mota inayofanya kazi ya polepole usiku kucha anaweza kushauriana na mekanisie juu ya buji ya joto zaidi kwa daraja moja, kama mtengenezaji wa mota anairuhusu, lakini mota hiyohiyo isipewe kisha safari ya saa sita gazi yote wazi. Buji za uongo ziko nyingi sokoni. Maandishi yaliyopinda, ncha isiyokaa katikati, na rondela inayotoka yenyewe kwenye uzi ni sababu za kurudisha kiboksi kwa muuzaji.

Buji mpya inakazwa kwa vidole mpaka mwisho, kisha nusu mzunguko tu na ufunguo. Kukaza kupita hapo kunakula uzi wa kifuniko cha aluminiamu, na uzi ukiisha, buji inaweza kuruka yenyewe katikati ya safari.

Ndani ya mtumbwi, vitu vya kubeba ni vichache: buji mbili mpya zenye namba sawasawa, ndani ya plastiki isiyoingiza maji, ufunguo wa buji wa milimita 21 uliofungwa kwa kamba ili usianguke ziwani, mswaki, kitambaa kikavu, kamba ya akiba ya kuwashia, tochi. Na makasia, ambayo hayana buji. Mota ikizima kwa kulowa, bomba la esansi linachomolewa, buji zote mbili zinatolewa, kamba inavutwa mara kadhaa matundu yakiwa wazi ili esansi itoke, watu wakizima sigara na taa za moto; kisha buji mpya, gazi wazi nusu, starteri ikiwa imefunguliwa, na kamba tena. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza usiku, kwenye mawimbi, hatafaulu. Wenye mitumbwi fulani wanawazoeza vijana wao mchana, pwani, macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa.

Kama yote hayo yamefanywa na buji bado zinarudi nyeusi kila wiki, swali linahama. Silinda iliyochakaa haibani tena vizuri, na seli za mkono wa pistoni zilizokauka zinapitisha hewa. Mekanisie mwenye kipimo cha mbano anaona kwa dakika tano kama silinda mbili zinalingana. Zikitofautiana sana, hakuna buji itakayotengeneza jambo hilo, na mwenye mota ana hesabu nyingine ya kufanya: kuifungua yote, ao kutafuta nyingine. Mota mpya za mipigo miwili zenye karburateri karibu hazipatikani tena Ulaya na Marekani, ambako sheria za moshi zilizoanza kutumika Marekani kati ya 1998 na 2006 zilizisukuma nje ya soko, kwa sababu sehemu kubwa ya esansi yao, robo ao zaidi, inapita bila kuungua na kumwagika majini. Kwa Afrika zinaendelea kuuzwa. Maji hayo, Moba kama Idjwi, ndiyo watu wanayochota asubuhi kwa kupika.